Moto Huzaa Jivu

Mwezi wa Juni mwaka 1972, katika kiwanda cha Pierrelatte kusini mwa Ufaransa, mpimaji mmoja wa madini aliona hesabu yake haitimii. Kazi iliyokuwa mbele yake ilikuwa ya kila siku: kupima sampuli ya uraniamu na kuthibitisha kwamba haina tofauti na nyingine. Katika kila atomu milioni 1 za madini hayo, 7,202 huwa ni za namna nyepesi iitwayo uraniamu 235, na zilizobaki, karibu zote, ni za namna nzito iitwayo uraniamu 238. Hesabu hiyo ni ileile popote madini yanapochimbwa, na hata mawe yaliyoletwa kutoka mwezini hayakuikana. Sampuli ile ilionyesha 7,171. Zilikuwa zimepungua atomu 31 tu katika milioni 1.

Asiyekuwa wa fani hiyo angesema ni kosa la mizani, akafunga daftari lake. Lakini uraniamu 235 ndiyo inayotengenezewa mabomu, na hesabu yake huwekwa kwa uangalifu kuliko ya dhahabu. Vipimo vikarudiwa, na upungufu ukabaki palepale. Wakaguzi wakarudi nyuma hatua kwa hatua, kutoka kiwanda hadi kiwanda, mpaka wakafika kwenye chimbuko la madini yenyewe: machimbo ya Oklo, katika jimbo la Haut-Ogooué, kusini-mashariki mwa Gabon. Huko yalipatikana mawe ambayo uraniamu 235 yake ilishuka hadi atomu 4,400 katika milioni 1. Kwa jumla, katika madini yaliyokwisha kuchimbwa, zilikosekana takriban kilo 200. Hapakuwa na mwizi. Uraniamu ile ilikuwa imeshaungua, kabla hapajakuwa na mtu wa kuwasha moto wala mnyama wa kuukimbia.

Ushahidi wa moto ulikuwa ni jivu. Kiini cha uraniamu 235 kikipigwa na nyutroni, chembe ndogo isiyo na umeme, hupasuka vipande viwili. Vipande hivyo huruka kwa nguvu na kutoa joto kubwa, na pamoja navyo hutoka nyutroni nyingine mbili au tatu, ambazo nazo zaweza kupasua viini vya jirani. Mpasuko ukizaa mpasuko, moto umeshika. Vipande vilivyobaki ni atomu za madini mengine kabisa, na hivyo ndivyo jivu la moto huu. Mawe ya Oklo yalikuwa na neodimiamu isiyofanana na neodimiamu ya kawaida ya ardhini, bali ile inayopatikana ndani ya vinu vya nyuklia baada ya uraniamu kutumika. Mwezi wa Septemba mwaka huohuo Wafaransa wakautangazia ulimwengu kwamba kinu cha nyuklia kilikuwa kimewaka chenyewe barani Afrika miaka takriban bilioni 2 iliyopita.

Mmoja kati ya wachache ambao habari hiyo haikuwashangaza alikuwa Paul Kuroda, mwanakemia mzaliwa wa Japani aliyekuwa akifanya kazi katika Chuo Kikuu cha Arkansas, Marekani. Mwaka 1956 aliandika kwamba jambo kama hilo liliwezekana hapo kale. Hoja yake ilikuwa nyepesi. Uraniamu zote mbili huyeyuka polepole kwa mnunurisho, lakini ile ya 235 hupungua upesi kuliko ndugu yake: nusu yake hutoweka katika kila miaka milioni 700 hivi. Kwa hiyo anayerudi nyuma katika zama huikuta imezidi. Miaka bilioni 2 iliyopita ilikuwa kiasi cha 3 katika kila 100, nacho ndicho kiasi ambacho mafundi wa leo hukitafuta kwa gharama kubwa wanapotayarisha kuni za vinu vyao.

Lakini kuni peke yake si moto. Uraniamu ya Oklo ilikusanywa pahala pamoja na maji. Katika zama hizo vijidudu vidogo mno vilivyoishi majini vilikuwa vimekwisha kuijaza hewa oksijeni, na maji yenye oksijeni huiyeyusha uraniamu na kuichukua, kisha huiacha yanapokutana na tabaka lililo na mabaki ya viumbe. Hivyo ndivyo tabaka nono la madini lilivyojengeka ndani ya mchanga wa Oklo. Maji hayohayo yakafanya kazi ya pili. Nyutroni inayotoka kwenye kiini kilichopasuka huenda kasi mno, na aghlabu hupita bila ya kukipasua kingine. Ikigongana na maji hupunguza mwendo, na hapo hufanya kazi. Maji yalipoingia, moto ulishika. Moto uliposhika, maji yalichemka na kutoweka, na bila ya maji moto ukazimika. Mwamba ukapoa, maji yakarudi, na moto ukashika tena.

Mwaka 2004 Alex Meshik na wenzake wa Chuo Kikuu cha Washington mjini St. Louis waliisoma saa ya moto huo kwa kupima gesi ya zenoni iliyonaswa ndani ya chembe za madini. Walikuta kwamba uliwaka kwa nusu saa hivi, ukazimika kwa saa mbili na nusu, kisha ukaanza upya, na mwendo huo ukaendelea kwa mamia ya maelfu ya miaka. Nguvu yake ilikuwa ndogo, haikufika kilowati 100 kwa wastani. Hapakuwa na mripuko. Na jambo lililowashughulisha zaidi wanasayansi ni kwamba sehemu kubwa ya jivu lile, pamoja na plutoniamu iliyozaliwa humo, haikwenda mbali. Ilikaa hapohapo ilipozaliwa, ndani ya udongo wa mfinyanzi na mwamba, mpaka ikapoteza sumu yake.

Moto wa Oklo ni wa mpasuko. Moto wa pili ni wa muungano, nao kila kiumbe huuona kila kunapopambazuka. Katika moto huu viini vyepesi hushikana vikawa kimoja kizito zaidi, na uzito unaopungua katika kushikana huko ndio unaogeuka kuwa joto na nuru. Mwaka 1920, akihutubia mkutano wa wanasayansi mjini Cardiff, Arthur Eddington alikumbusha kipimo kilichofanywa na Francis Aston: atomu nne za haidrojeni zina uzito zaidi ya atomu moja ya heliamu. Kilo 1 ya haidrojeni ikigeuka heliamu, kiasi cha gramu 7 hazionekani tena. Humo, alisema Eddington, ndimo yumkini nyota zinamopata nguvu zao. Akaongeza kwamba siku moja huenda mwanadamu akaidhibiti nguvu hiyo, kwa ustawi wake au kwa kujiangamiza.

Ilibaki kujulikana kama jua lina haidrojeni ya kutosha. Mwaka 1925 Cecilia Payne, mwanamke wa Kiingereza aliyekuwa akisoma Harvard, alithibitisha kwamba nyota kwa sehemu kubwa ni haidrojeni na heliamu. Bingwa wa fani hiyo katika Marekani, Henry Norris Russell, alimshauri asiyaamini matokeo yake mwenyewe, naye akaandika katika tasnifu kwamba karibu kwa hakika si ya kweli. Miaka minne baadaye Russell aliyafikia matokeo yaleyale kwa njia nyingine, akakubali. Mwaka 1939 Hans Bethe akaeleza njia ambazo viini hupitia mpaka vikawa heliamu.

Katikati ya jua joto hufika digrii milioni 15, na kila sekunde tani takriban milioni 600 za haidrojeni hugeuzwa heliamu. Hata hivyo moto huo ni mpole kuliko inavyodhaniwa. Ukilinganishwa ujazo kwa ujazo, kiini cha jua hutoa joto dogo kuliko mwili wa mtu aliyekaa kitako. Ukubwa wake ndio unaotuangazia, na hatamu yake ni uzito wake. Moto ukizidi, kiini hutanuka, hupoa kidogo, na moto hurudi chini. Ukipungua, uzito hukikamua kikapata joto tena. Nalo jivu la nyota limekuwa na manufaa. Mwaka 1957 Margaret na Geoffrey Burbidge, William Fowler na Fred Hoyle walionyesha kwamba kaboni, oksijeni na chuma vilipikwa ndani ya nyota zilizotangulia. Damu ya mtu, chokaa ya nyumba yake na msumari wa chombo chake vyote vimetokana na jivu hilo.

Maumbile, basi, yameuwasha moto wa aina zote mbili, na katika kila mmoja pana kitu kinachoushika: maji katika mwamba wa Oklo, uzito katika jua. Mwanadamu naye aliipata mioto hiyo katika karne moja, akitanguliza vita.

Mwezi wa Disemba 1938, mjini Berlin, Otto Hahn na Fritz Strassmann waliipiga uraniamu kwa nyutroni, wakapata bariamu, madini yenye uzito wa karibu nusu yake. Hawakuweza kueleza kwa nini. Mwenzao wa miaka mingi, Lise Meitner, Myahudi kwa nasaba, alikuwa ameikimbia Ujerumani mwezi wa Julai na kuhamia Sweden. Hahn alimwandikia barua. Wakati wa Krismasi, akitembea juu ya theluji na mpwa wake Otto Frisch katika mji wa Kungälv, Meitner alipiga hesabu na kutambua kwamba kiini kilikuwa kimepasuka. Jina la mpasuko Frisch aliliazima kwa wanabiolojia, walioelezea kwalo seli inavyojigawa. Tuzo ya Nobel ya ugunduzi huo alipewa Hahn peke yake.

Tarehe 2 Agosti 1939 Albert Einstein alitia saini barua kwa Rais Roosevelt wa Marekani, akimtahadharisha kwamba bomu la namna mpya lingeweza kutengenezwa, na kwamba chimbuko muhimu zaidi la uraniamu lilikuwa Kongo ya Wabelgiji. Pahala penyewe ni Shinkolobwe, katika Katanga. Mawe ya Shinkolobwe yalikuwa tajiri kupita kiasi: kwingineko sehemu chache katika elfu huhesabiwa kuwa neema, ilhali huko yalipatikana mawe ambayo zaidi ya nusu yake ilikuwa oksidi ya uraniamu. Katika miaka ya 1920 yalichimbwa kwa ajili ya radiamu. Mwaka 1940 Edgar Sengier, mkuu wa kampuni ya Union Minière, alisafirisha zaidi ya tani 1,000 za mawe hayo hadi New York na kuyaweka katika ghala la Staten Island. Mwezi wa Septemba 1942 jeshi la Marekani likayanunua. Miezi mitatu baadaye, tarehe 2 Disemba, chini ya viti vya uwanja wa michezo mjini Chicago, Enrico Fermi na wenzake waliwasha kinu cha kwanza kilichotengenezwa na binadamu. Kwa miaka 30 vitabu viliandika kwamba ndicho cha kwanza kupata kuwako duniani, hadi Oklo ilipokanusha.

Sehemu kubwa ya uraniamu iliyotumiwa katika kutengeneza mabomu ya mwanzo ilitoka Shinkolobwe. Bomu lililoangushwa Hiroshima tarehe 6 Agosti 1945 lilikuwa na kilo 64 za uraniamu, na iliyopasuka kweli haikufika kilo 1. Hiyo ilitosha kuuangamiza mji, na hadi mwisho wa mwaka ule watu takriban 140,000 walikuwa wamekufa.

Mwaka 1946 Sengier alipewa nishani na serikali ya Marekani, na madini mamoja ya uraniamu yakaitwa sengieriti kwa heshima yake. Waliochimba mawe hayo na kuyachagua kwa mikono hawakupewa nishani, na majina yao hayamo katika historia ya bomu. Kiswahili ndicho kilichoenea kuwa lugha ya kazi katika migodi ya Katanga, na kwa hiyo bomu la Hiroshima lina sura moja iliyosemwa kwa Kiswahili lakini haikuandikwa. Wakati wa uhuru mwaka 1960 mgodi ulifungwa. Miaka ya mwisho ya karne, wachimbaji wadogo walirejea kutafuta kobalti kwa sururu na koleo, na mwaka 2004, baada ya serikali kupiga marufuku uchimbaji huo, sehemu ya machimbo iliporomoka na kuua watu.

Moto wa muungano nao ulishuka duniani kwa njia hiyohiyo. Tarehe 1 Novemba 1952 Wamarekani waliripua kifaa cha kwanza cha haidrojeni katika Elugelab, kisiwa kidogo cha matumbawe katika kundi la Enewetak, Bahari ya Pasifiki. Kifaa hicho kiliwashwa kwa bomu la mpasuko, maana hapana kiberiti kingine kilichokuwa na joto la kutosha. Moto ulipopoa, kisiwa hakikuwapo tena. Pahala pake palikuwa na shimo la bahari lenye upana wa karibu kilomita 2.

Tarehe 1 Machi 1954, katika kisiwa jirani cha Bikini, lilijaribiwa bomu lililotarajiwa kuwa na nguvu ya tani milioni 6 za baruti. Wataalamu walikosea kuhesabu namna moja ya lithiamu iliyokuwamo, na bomu likatoa tani milioni 15. Matumbawe yaliyosagwa yakapanda angani na kuanguka kama unga mweupe juu ya Rongelap, kisiwa chenye watu, ambao waliondolewa baada ya siku mbili wakiwa na majeraha ya ngozi. Unga huohuo uliwaangukia wavuvi 23 wa Kijapani waliokuwa wakivua jodari katika chombo Daigo Fukuryu Maru. Mtumishi wao wa redio, Aikichi Kuboyama, alifariki tarehe 23 Septemba mwaka ule. Watu wa Rongelap walirudishwa kwao mwaka 1957, na mwaka 1985, baada ya kuona maradhi yamezidi, walikihama kisiwa chao kwa khiari yao.

Mwishoni mwa miaka ya 1970 baadhi ya taka za majaribio ya Enewetak zilikusanywa ndani ya shimo lililoachwa na bomu katika kisiwa cha Runit, zikafunikwa kwa kuba la saruji. Chini hapakusakafiwa kitu. Jiwe la matumbawe halizuii maji. Kila aliyechimba kisima karibu na pwani anajua kwamba maji yake hupanda na kushuka pamoja na bahari. Ndivyo yanavyofanya chini ya kuba la Runit.

Upande wa amani nao umeandikwa. Tarehe 27 Juni 1954 kituo cha Obninsk, katika Urusi ya Kisovieti, kilianza kupeleka umeme wa nyuklia kwenye nyaya za mji. Mwaka 1959 chuo kikuu cha Lovanium, Kinshasa ya leo, kilipata kinu cha utafiti, cha kwanza barani Afrika, na mwaka 1984 Koeberg, karibu na Cape Town, ikaanza kutoa umeme. Vinu vya namna hii vimewasha taa za mamilioni bila ya moshi. Lakini mikasa miwili mikubwa yafaa isomwe pamoja na habari za Oklo. Kinu cha Chernobyl kilichoripuka tarehe 26 Aprili 1986 kilikuwa cha muundo ambao maji yakichemka na kutoweka moto huzidi. Kile kilichouzima moto wa Oklo ndicho kilichouchochea moto wa Chernobyl. Fukushima, tarehe 11 Machi 2011, mpasuko ulisita tetemeko lilipopiga, kama ilivyokusudiwa. Jivu ndilo lililobaki na joto lake. Tsunami ilipozima mashine za kuvuta maji ya kulipoza, joto hilo likaziyeyusha kuni za vinu vitatu.

Ama muungano wa amani, bado unatafutwa. Tarehe 5 Disemba 2022, katika maabara ya Livermore, California, miale ya leza yenye nguvu ya megajuli 2.05 ilikikamua kidonge cha haidrojeni, na kikatoa megajuli 3.15; lakini mashine zenyewe zilikula umeme mara nyingi zaidi ya huo. Huko Cadarache, Ufaransa, mataifa mengi yanajenga kwa pamoja mtambo uitwao ITER, ambamo gesi yenye joto la digrii milioni 150 itazuiwa kwa sumaku. Duniani hapana uzito wa jua, na sumaku ndiyo hatamu iliyopatikana badala yake.

Watafutao pa kuliweka jivu la vinu wamekuwa wakiisoma Oklo kwa makini. Katika kisiwa cha Olkiluoto, Finland, imechimbwa hifadhi ndani ya mwamba, zaidi ya mita 400 kwenda chini, ambamo makasha ya shaba yatazungukwa na udongo wa mfinyanzi, karibu na namna ileile iliyolilinda jivu la Gabon. Huo ni ushahidi kwamba elimu ipo, na nia ikiwapo, moto waweza kuzikwa pamoja na jivu lake na wale walioota joto lake.

Machimbo ya Mounana, ambayo Oklo ilikuwa sehemu yake, yalifungwa mwaka 1999, na baadhi ya waliofanya kazi humo wameendelea kudai haki kwa maradhi yao. Jivu lililokaa kitako kwa miaka bilioni 2 lilitolewa na makatapila katika kizazi kimoja. Tanzania nayo ina uraniamu yake katika bonde la Mto Mkuju, wilaya ya Namtumbo, na mwaka 2012 mpaka wa Hifadhi ya Selous ulirekebishwa ili kuupisha mradi huo. Habari za Shinkolobwe, Rongelap na Mounana zimeshatangulia, na zafaa kusomwa kabla ya sururu ya kwanza. Wahenga waliposema moto huzaa jivu walikuwa wakimwona mtoto asiyefanana na mzazi wake, mwenye nguvu kazaa dhaifu. Katika moto huu mtoto huishi kuliko mzazi, na wazazi waliozoea kumwachia jirani amlee wanajulikana kwa majina.